Kina cha Saa Sita

Mtu aliyepigwa na kijiji kizima hawezi kujibu maswali vizuri, na Inspekta Swaumu Abdulkarimu alilijua hilo kabla mlango wa stoo haujafunguliwa. Ilikuwa stoo ya mbegu, nyuma ya ofisi ya mradi wa umwagiliaji wa Kanyerere, upande wa Bisibo. Ndani alikaa Methusela, mkimbizi kutoka Burundi na kibarua wa kufyatua matofali, pingu mikononi, jicho la kushoto limefumba kwa uvimbe. Alikuwa humo tangu Jumanne jioni. Leo ilikuwa Ijumaa, saa mbili asubuhi, na gari la kumpeleka mjini Biharamulo akafunguliwe shtaka la mauaji lilitarajiwa saa nane mchana.

Swaumu alimgeukia Koplo Shibuda, akamuuliza ni nani aliyekuwa akimpa huyu mtu maji ya kunywa. Shibuda alitazama viatu vyake. Wanakijiji walisema watampa, kisha hakuna aliyempa. Kwa hiyo mtu anayetuhumiwa kumwaga maji ya kujaza shimo zima hakuwa amepata kikombe kimoja tangu jana asubuhi.

"Kalete maji," alisema Swaumu. "Na uji. Ukirudi na sababu badala ya uji, utakaa humu wewe."

Shibuda alikwenda mbio. Swaumu alivuta gunia tupu, akakaa chini sawa na mtuhumiwa, akafungua jalada alilokuwa amelisoma mara nne njiani. Kila alipolisoma hasira yake ilipanda, maana lilikuwa jalada safi mno. Maiti, shahidi, mkimbizi, basi. Miaka ile, kuku akipotea Ngara au Biharamulo, alitafutwa mkimbizi kwanza na kuku baadaye.

Habari yenyewe ilikuwa hivi. Jumanne saa kumi alasiri, mama mmoja aitwaye Frida alimkuta mumewe, Kazimili, anaelea ndani ya shimo la udongo wa matofali lililo kando ya mfereji mkuu. Kazimili alikuwa mgawa maji wa mradi. Asubuhi ya siku hiyo shimo lilikuwa kavu. Lilijazwa kupitia mlango wa saba, yaani tundu la mraba lililotobolewa ubavuni mwa mfereji, sentimita kumi na tano kwa kumi na tano, ambalo siku zote huzibwa kwa kipande cha mgomba na udongo. Daktari aliandika kwamba marehemu alikuwa na jeraha kisogoni, na maji ya tope mapafuni. Alipigwa, akatumbukizwa shimoni angali hai, kisha mtu akang'oa kizibo na kumwachia maji yamalize kazi.

Aliyeng'oa kizibo ndiye muuaji. Swali pekee lilikuwa aling'oa saa ngapi, na jalada lilikuwa na jibu. Ofisini mwa mradi kuna ubao wa vipimo, na ubao unasema kwamba maji yakiwa na kina cha sentimita arobaini, tundu lile hutoa lita thelathini kila sekunde. Shibuda alilipima shimo kwa futi ya kamba Jumanne ile ile jioni, mwili ulipokwisha kutolewa: lita laki tatu na ishirini na nne elfu. Gawanya, unapata masaa matatu kamili. Shimo lilikutwa ndiyo kwanza limejaa saa kumi, halijaanza kufurika, basi kizibo kiling'olewa saa saba. Na saa saba Methusela alionekana kando ya shimo. Mkubwa wake Swaumu alisema kwenye simu ya upepo kwamba jalada lifungwe, watu wana kazi nyingine.

Methusela alikunywa maji yote, kisha uji, kisha akasema shikamoo, ingawa alimzidi Swaumu kwa miaka. Swaumu alimwambia asimwamkie, ajibu tu. Alikuwa wapi Jumanne asubuhi? Kambini, kwenye mstari wa mgao. Kadi yake ilitobolewa karibu na saa sita, kisha akatembea mwendo wa saa moja kuja kuendelea na matofali. Shimo alilikuta lina maji ya tope kama theluthi. Alidhani wenye mradi wameamua kumfukuza kwa njia hiyo, akageuka akarudi kambini kabla hajatukanwa.

Swaumu alikwisha kuhakikisha habari za mgao. Karani wa kambi alimkumbuka na kadi ilikuwepo. Lakini kadi haikumsaidia mtu yeyote: kama kizibo kiling'olewa saa saba, Methusela alikuwa na muda wa kutosha.

"Watu wanasema Jumapili mligombana, wewe na Kazimili," alisema. "Walisikia unamfokea."

"Nilimfokea, kweli." Sauti yake ilikwaruza. "Aliniomba nimsaidie kupima tundu. Kwetu Imbo nilifanya kazi mashamba ya mpunga miaka kumi na moja, haya mambo nayajua. Tukapima. Akasema atasema mbele ya mkutano wa kijiji kwamba ubao ni wa uongo. Nikamwambia usilitaje jina langu. Wewe ni mwenyeji, utazomewa tu. Mimi nitafukuzwa."

"Ubao una uongo gani?"

"Ile hesabu ni ya maji yaliyolala, afande. Maji ya mlango wa saba hayalali, yanakimbia. Yanayokimbia hayageuki upesi kuingia tunduni. Mengi yanapita moja kwa moja."

Swaumu alimuuliza tofauti ni kiasi gani. Methusela alisema Kazimili ndiye aliyehesabu, yeye alishika tu bati la kuelekezea maji pipani. Alipoulizwa kwa nini hakuyasema haya kwa polisi Jumanne, alimtazama kwa lile jicho moja lililobaki wazi. Swaumu aliona aibu kwa kuuliza.

Aliinuka, akafunga jalada. Alikuwa mtoto wa duka la vitambaa la mjini, duka la babu zake waliokuja kutoka pwani na marobota yao, na tangu utoto alifundishwa jambo moja: mteja akikwambia futi ya duka ni fupi, usimtukane, ipime futi.

* * *

Theonest, katibu wa mradi, alimpokea ofisini kwa heshima zote. Alikuwa mtu nadhifu wa miaka hamsini, kalamu tatu mfukoni, na daftari zake zimepangwa kwa kamba. Ubao ulitundikwa ukutani nyuma yake, umeandikwa kwa rangi nyeupe: kina upande mmoja, lita upande wa pili. Wakulima kumi na wanne wenye milango waliuheshimu kama amri kumi. Kwa ubao huo walijua kila mtu afunguliwe kwa muda gani ili wote wapate sawa.

Swaumu aliusifia. Theonest alifurahi, akaeleza mwenyewe bila kuulizwa kwamba aliupima mwaka juzi, mbele ya kijiji kizima, siku ya msaragambo, kazi ya pamoja ya kijiji, ili mtu asije kusema amependelewa. Alitumia pipa la lita mia mbili na saa ya mkononi. Kila mtu alikuwepo na koleo lake.

"Walikuwa wanafanya nini na hayo makoleo?"

Walikuwa wanazoa tope kwenye mfereji wa chini, alisema. Ndivyo msaragambo unavyofanywa: geti lililo chini ya mlango wa nane linashushwa, maji yanazuiliwa, watu wanaingia kuzoa.

Swaumu aliandika. Geti limeshushwa, kwa hiyo maji ya huku juu yalikuwa yamesimama. Mtu amepima maji yaliyosimama, akaandika ubaoni, na kwa miaka miwili kijiji kikagawana maji yanayokimbia kwa hesabu hiyo. Lilikuwa kosa la mtu mwenye nia njema, kosa la kutaka mashahidi wengi na kuchagua siku pekee wanayokusanyika. Hadi hapo hakuwa na ugomvi na Theonest.

Akamuuliza mashamba yake yako wapi. Chini, alisema, mlango wa kumi na tatu na wa kumi na nne, yeye na shemeji yake. Mfereji wa huko umekaaje? Tambarare, karibu na mwisho. Maji hutulia pale kama bwawa, alisema, na hapo hapo akaanza kupanga daftari ambazo zilikwisha kupangwa.

Wa juu wanapata pungufu, wa chini wanapata kamili. Swaumu hakulisema. Alimuuliza tu Jumanne alikuwa wapi, na Theonest alijibu upesi kwamba tangu saa saba mchana hadi saa kumi na moja alikuwa kikaoni ofisi ya kata, watu saba walikaa naye. Na kabla ya saa saba? Kwenye mfereji, kama kawaida. Kazimili hakuonekana, kwa hiyo yeye ndiye aliyesoma kina cha saa sita.

Kina cha saa sita kilikuwa desturi yao. Kengele ya kigango ikilia mchana, mgawa maji husimama penye kipimo, ile fimbo yenye rangi iliyochimbiwa hatua ishirini chini ya mlango wa saba, na kuita namba. Wa mlango wa nane huipokea na kuirudia kwa sauti, kisha wa tisa, hadi wa kumi na nne. Hakuna anayeweza kudanganya, kwa sababu kila mmoja ana alama yake mlangoni. Ukiita arobaini na maji yamepungua, wa chini yako anakukanusha hapo hapo.

Swaumu aliomba daftari la kina. Mwandiko wa Theonest ulikuwa mzuri. Alhamisi arobaini. Ijumaa arobaini. Jumamosi arobaini na moja. Jumapili na Jumatatu arobaini. Jumanne, siku aliyokufa Kazimili, thelathini na sita. Jumatano na jana arobaini tena.

"Jumanne maji yalipungua?"

"Majani, afande. Yaliziba kule mtoni yanakoingilia."

Alilikubali jibu hilo usoni. Nje akamtuma Shibuda kwenda kumuuliza anayesafisha mlango wa mtoni. Shibuda alirudi baada ya nusu saa, anahema. Msafishaji ni Danstan, mkulima wa mlango wa nane, mtu mzima. Danstan alisafisha Jumatatu jioni, akapita tena Jumatano alfajiri. Hakukuta jani.

* * *

Frida alikuwa amekaa mkekani katikati ya wanawake wa kilio. Swaumu alimpa pole, naye akaitikia kwamba ameshapoa, kama watu wanavyoitikia hata wanapoungua. Alipoambiwa kwamba inspekta ana maswali juu ya pipa, alijitenga na wenzake, yeye na Swaumu wakaenda kusimama nyuma ya jiko.

Alisema mumewe alikuwa kama amerukwa na akili mwezi mzima. Kila Jumapili baada ya ibada alibeba pipa hadi mlango wa saba, akakunja bati la kuelekezea maji, akajaza na kumwaga, akajaza na kumwaga. Saa hakuwa nayo. Alisoma kwa masista wa Rulenge, na huko walifundishwa kuchemsha mayai kwa sala. Basi alihesabia Salamu Maria, kwa mwendo ule ule wa rozari, asiharakishe wala asivute.

"Akaniambia, mama Leoni, pipa linajaa nikifika Amina. Siku ile geti lilipofungwa kwa msaragambo wa mwezi wa nne, pipa hilo hilo lilijaa nikiwa kwenye *utuombee*. Maji ni yale yale, tundu ni lile lile. Akasema watu wa juu tunaibiwa theluthi nzima tangu mwaka juzi, na mahindi yetu yanakauka tukidhani ni Mungu. Alimwambia katibu. Kisha akaniambia, nimempa mpaka mkutano wa Jumapili aurekebishe ubao mwenyewe, nisimwaibishe."

"Lini alimwambia?"

"Jumatatu."

Swaumu aliiandika siku hiyo. Frida alikuwa anaangalia viganja vyake.

"Afande, mimi nilimpiga yule Mrundi kwa jiwe," alisema. "Hili jicho lake ni mimi. Katibu alitusomea ubao, akasema saa saba, na yule alionekana saa saba. Nikaokota jiwe."

Hasira iliyompanda Swaumu haikuwa ya mwanamke huyu. Ilikuwa ya yule aliyemwekea jiwe mkononi. Alimwambia ajifunge kanga vizuri, atamhitaji kwenye mfereji, na aje na sala yake.

* * *

Saa nne na nusu walikuwa penye mlango wa saba: Swaumu, Shibuda, Frida, na Danstan aliyekuja na koleo. Pipa la Kazimili lilikuwa bado limeegemezwa kwenye kichaka pale alipoliacha. Shimo lilikuwa tupu tangu watu walipolipasua upande wa chini ili wautoe mwili, na kingo zake zilikuwa zimepasuka kwa jua. Swaumu alimtuma mtu amwite katibu aje na daftari lake, lakini asiharakishwe.

Walilisimamisha pipa kwenye kijukwaa cha udongo chini ya tundu. Swaumu alikwaruza mstari kwenye ukuta wa mfereji, juu kidogo ya tundu, pale maji yalipogusa, ili baadaye asije mtu kusema kina kilikuwa tofauti. Danstan aling'oa mgomba. Maji yalitoka, lakini yalitoka kwa ubavu, yamelalia upande wa chini wa tundu, kama mtu mwenye haraka anayesalimia huku anapita. Shibuda alishika bati, na Swaumu alipoinua mkono akayaelekeza pipani.

Frida alianza kusali. Alisali kwa mwendo wa rozari, kama mumewe. Pipa lilifurika alipokuwa anasema Amina. Saa ya Swaumu ilisema sekunde kumi.

Wakarudia mara tano. Kumi, kumi, kumi na moja, kumi, kumi. Lita mia mbili kwa sekunde kumi ni lita ishirini. Ubao ulisema thelathini.

"Sasa lishusheni geti," alisema Swaumu.

Danstan alikwenda akalishusha, na mwingine akatumwa juu kupunguza yanayoingia, hadi maji yakasimama kimya na kugusa mstari ule ule wa ukutani. Sasa yalitoka tunduni yamenyooka, yamejaa tundu zima. Pipa likafurika Frida hajamaliza *utuombee*. Sekunde saba. Shibuda aliomba warudie, wakarudia, ikawa saba tena kasoro kidogo. Hapo tundu lilitoa lita zake thelathini.

Shibuda alikuwa ameanza kuhesabu kwa kidole kwenye vumbi. Lita laki tatu na ishirini na nne elfu, kwa lita ishirini. Alifuta, akaandika upya, akainua uso.

"Masaa manne na nusu, afande. Siyo matatu."

"Toa kwenye saa kumi."

"Saa tano unusu."

"Saa tano unusu Methusela alikuwa wapi?"

"Kwenye mstari wa mgao," alisema Shibuda polepole. "Kadi yake haijatobolewa bado."

Swaumu angeweza kumwambia koplo wake mengi. Angeweza kumwambia kwamba hesabu hii ilihitaji pipa, bati, na mjane, na kwamba siku tatu nzima hakuna polisi aliyeona haja ya kutembea hatua mia mbili kutoka ofisini kuja kujaza pipa, kwa sababu mtuhumiwa hakuwa mtu wa kujaziwa pipa. Alimwambia tu alipandishe geti, waliache tundu wazi, na maji yapite kama yalivyopita Jumanne.

* * *

Theonest alifika saa sita kasoro dakika kumi, daftari kwapani. Aliona pipa, aliona bati lililokunjwa, akamwona Frida amesimama na miguu ya tope. Alisalimia watu wote, na wote waliitikia isipokuwa Frida.

Kandokando ya mfereji, wakulima walikuwa wamefika kwenye milango yao kama kila siku, maana msiba haumwagilii mahindi. Swaumu alimwambia katibu kwamba hamhitaji kwa jambo kubwa. Alitaka tu kuona desturi yao ya mchana, yeye ni mtu wa mjini, hajawahi kuiona. Kengele ya kigango ililia.

"Soma kina, katibu."

Theonest alikwenda penye fimbo. Aliinama, akaangalia, akabaki ameinama. Alitazama nyuma hatua ishirini, penye mlango wa saba, ambako mgomba ulikuwa umelala ukingoni na maji yanamwagikia shimoni. Aliinuka, akasema afande, tundu liko wazi, kina hakisomwi tundu likiwa wazi, si sahihi.

"Soma tu."

Hakusoma. Watu wa mlango wa tisa na wa kumi walikuwa wameanza kusogea waone kuna nini. Swaumu alisubiri, kisha akamwashiria Frida. Frida alishuka, akashika fimbo kwa mkono mmoja, akaweka uso karibu na maji. Alikuwa mke wa mgawa maji miaka kumi na minne, na alijua kusoma ile rangi kuliko alivyojua kusoma kitabu.

"Thelathini na sita!" aliita.

Danstan, kwa mazoea, alipokea. Thelathini na sita. Mlango wa tisa ukapokea, kisha wa kumi, na namba ikashuka kwenye mfereji, sauti ya mzee, sauti ya mwanamke, hadi ikapotea huko chini kwenye mashamba ya katibu mwenyewe. Halafu Danstan akasimama wima. Alimtazama Theonest, akatazama tundu, akamtazama Theonest tena.

"Ndiyo ya Jumanne hii," alisema. "Jumanne wewe mwenyewe uliita thelathini na sita. Niliipokea mimi."

"Majani," alisema Theonest. "Kule mtoni, majani..."

"Mtoni nasafisha mimi."

Swaumu alichukua daftari kutoka kwapani mwa katibu, na katibu hakuling'ang'ania. Akalifungua penye Jumanne. Aliongea bila kupaza sauti, lakini wote walisikia, maana maji peke yake ndiyo yaliyokuwa yanapiga kelele. Alisema saa sita mchana wa Jumanne tundu hili lilikuwa limekwisha kufunguliwa, ndiyo sababu kina kilishuka. Katibu alisimama hapa, hatua ishirini kutoka tunduni, akakiona, akakiita. Hakuweza kuita arobaini, wa chini yake wangemkanusha. Kisha akaandika, kwa mwandiko mzuri. Kisha akaenda kata kukaa na watu saba. Na jioni alipoulizwa maji yalifunguliwa saa ngapi, akawapeleka polisi kwenye ubao wake, ambao Kazimili alikwisha kumwambia Jumatatu kwamba ni wa uongo, akasema saa saba.

"Ulipoita kina," alimwambia Theonest, "Kazimili alikuwa bado anapumua. Nusu saa tu ilikuwa imepita, maji yalikuwa hayajafika hata gotini mwa mtu aliyesimama. Ungeweza kushuka ukamvuta. Ulisimama hapa na fimbo."

Theonest alifungua mdomo. Alisema hakukusudia, alisema Kazimili angemwaibisha mbele ya watu kwa kosa ambalo si la makusudi, alisema mtu huwezi kumfanyia hivyo mtu aliyetumikia kijiji bure. Alisema alimsukuma tu. Aliyasema yote hayo kwa Swaumu, na hakuthubutu kugeuka upande aliosimama Frida.

Frida alikuwa ameinama, ameokota jiwe. Danstan aliliona, Shibuda aliliona, na hakuna aliyesogea. Swaumu alisogea. Alimshika mkono kwa nguvu zaidi ya alivyokusudia, akamwambia hapana, mama, jiwe moja lilitosha. Vidole vya Frida vilikataa kwanza. Kisha vikafunguka, na jiwe likaangukia majini.

"Shibuda."

"Afande."

"Kamfungue Methusela. Mlete hapa kwa mlango wa mbele wa ofisi, apite katikati ya hawa wote, wamwone. Kisha atapelekwa hospitali na gari lile lile la saa nane."

Shibuda aliuliza katibu amfunge kwa pingu zipi, maana wana jozi moja tu.

"Hizo hizo," alisema Swaumu. "Zioshe damu kwanza."